Mimi na Tomi Katika Njia za Elburgon

Hapa Elburgon watu wengi hawanijui kwa jina nililobatizwa, ijapokuwa nimekaa katika mji huu tangu mwaka 2016, na sahihi yangu imo katika barua nyingi walizopata kupokea. Wananijua kuwa ni "karani wa Tomi." Tomi ni mbwa. Jina lenyewe si langu, wala si zuri. Ni jina la mbwa elfu wa nchi hii, na ukisimama sokoni ukaliita kwa sauti kubwa, mbwa watatu watageuza vichwa. Lakini nilimkuta nalo, nami niliona si haki kumnyang'anya kitu pekee alichokuja nacho.

Namna nilivyompata ni hivi. Ndugu msomaji huenda anajua ya kuwa Elburgon ni mji wa mbao. Reli ya Uganda ilipita hapa ikielekea ziwani, ikafika Kisumu mwaka 1901, na viwanda vya kupasua miti ya Mau vikajengwa baadaye kando ya mji. Hata leo ziko nyumba za zamani za mbao zilizogeuka rangi ya kijivu kwa mvua. Basi mwezi wa Februari, 2018, Serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma. Sisi tuliokuwa ofisini tulilijua jambo hilo kwa karatasi, walakini mji ulilijua kwa masikio: misumeno ilinyamaza. Wafanyakazi wakaanza kurudi makwao mmoja mmoja. Mlinzi wa usiku wa kiwanda kimoja akaja kwangu kuandikiwa barua, na ndani ya koti lake kilikuwamo kitu kinachotikisika.

"Karani," akaniambia, "mimi nakwenda kwetu, na garini hawataki mbwa. Nitunzie huyu mpaka nirudi."

Katazo lile liliendelea kwa miaka zaidi ya mitano, hata Rais alipotangaza akiwa Molo, Julai 2023, kwamba limeondolewa. Mlinzi yule hajarudi, na siku hizi mimi huomba asirudi.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kiti. Nchi niliyoitumikia niliifahamu kwa majalada tu: majina ya lokesheni, hesabu za kaya, malalamiko ya mipaka. Kila mwisho wa mwezi nilipanda matatu kwenda Nakuru, nikarudi nayo, na mara nyingi nililala njiani. Mbwa hakubali maisha ya namna hiyo. Tomi alipotimiza mwaka alianza kukwaruza mlango kila Jumamosi alfajiri, akiwa na hakika ya siku kuliko mimi mwenye kalenda. Sikuwa na budi kuvaa viatu vya mpira na kutoka.

Mji wetu uko karibu futi 8,000 juu ya bahari, na mtu wa pwani akija hapa mwezi wa Julai atadhani amepotea dunia. Asubuhi majani huwa meupe kwa umande ulioganda, na pumzi ya Tomi hutoka kama moshi wa jiko. Njia tuliyoizoea kwanza ni ile iendayo Turi na Molo, mwendo wa saa tatu kwa mtu asiye na haraka. Hufuata reli kwa sehemu kubwa. Nilikuwa nimesikia kwamba mbwa huogopa daraja la reli kwa sababu huona chini kati ya mataruma, na ni kweli: Tomi hukataa kabisa. Hushuka bondeni, huvuka kijito kwa kuogelea, hupanda upande wa pili, hujikung'uta, kisha hunitazama kama kwamba ni mimi niliyechelewa. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Huyu wangu nadhani hafi hata asipouona.

Huko Turi ndiko kuliko na ile shule ya Waingereza, St Andrew's, iliyoanzishwa mwaka 1931, ikaungua mwaka 1944, ikajengwa upya. Sisi hatukuwa na shughuli nayo. Shughuli yetu ilikuwa kwa bibi kizee mmoja mwenye kibanda cha chai karibu na njia. Siku ya kwanza alimtazama Tomi akijikuna, akanitazama mimi, akasema, "Mwanangu, wewe umesoma, na mbwa wako analiwa na viroboto mbele ya macho yako?" Akaingia ndani akatoka na mkono uliojaa maua ya pareto yaliyokauka. Akayasaga kwa vidole, akampaka Tomi shingoni na mgongoni. Viroboto wakaanguka. Akanieleza kwamba zamani nchi yote hii ya Molo ilikuwa nyeupe kwa maua hayo, na Kenya ndiyo iliyouza pareto nyingi kuliko nchi yoyote duniani. Kisha malipo yakachelewa mwaka baada ya mwaka, watu wakang'oa pareto wakapanda viazi. Yeye alibakiza mistari miwili nyuma ya nyumba. Nilipouliza sababu akacheka akasema ni kwa ajili ya kuku wake. Mambo hayo yamo katika ripoti nilizopata kuzichapa kwa mkono wangu, lakini sikuyaelewa mpaka nilipomwona Tomi amelala pale chini bila kujikuna.

Nimegundua kwamba mtu anayetembea peke yake mashambani hutiliwa shaka. Katika sehemu zetu hizi shaka hiyo ina sababu zake. Watu wa Molo na Elburgon hawajasahau nyumba zilizochomwa mwaka 1992, wala zile za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mgeni mwenye viatu safi anayetazama mashamba ya watu huulizwa anatafuta nini. Lakini mgeni mwenye mbwa haulizwi. Mbwa ndiye huulizwa: ana umri gani, anakula nini, anauma? Baada ya maswali matatu ya mbwa, mtu huanza kuyasema ya kwake mwenyewe. Nimeambiwa habari za mirathi, za ng'ombe waliokufa, za binti aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi asiandike tena, na yote hayo yalianza kwa kuulizwa kama Tomi hula ugali.

Si watu wote wampendao, nami simlaumu mtu. Mzee mmoja Mwislamu mwenye duka mjini alinieleza kwa upole kwamba mate ya mbwa ni najisi kwao, yakigusa chombo hana budi kukiosha mara 7, na mojawapo iwe kwa udongo. Tangu siku hiyo Tomi hukaa ng'ambo ya barabara, naye mzee humsalimu kutoka mlangoni kwa kuinua fimbo. Wamekuwa marafiki wa mbali.

Siku moja tulikwenda upande wa pili, kuelekea Njoro na kupita mbele, mpaka kwenye jumba la Lord Egerton, yule Mwingereza aliyeanzisha shule ya kilimo pale Njoro mwaka 1939, ambayo leo ni Chuo Kikuu. Watu husimulia kwamba bibi aliyemchumbia aliidharau nyumba yake ya kwanza akaifananisha na banda, ndipo akajenga jumba la mawe kubwa kuliko mahitaji ya mtu mmoja. Bibi hakuja, naye akaishi humo peke yake hata akafa mwaka 1958. Husimulia pia kwamba hakutaka kuona mwanamke wala mbwa katika eneo lake. Sijui kama ni kweli, lakini sikuthubutu kuomba ruhusa ya kuingia na Tomi. Tulikaa nje chini ya mti tukala mahindi ya kuchoma. Hata leo sijaiona sebule ya jumba lile.

Njia niipendayo zaidi ni ile ya kusini, ipandayo msituni hadi Mariashoni. Kuna mahali pa kupumzikia juu ya mgongo wa kilima ambapo mtu akikaa anaweza kuwaza mambo ya maji. Mto Njoro hutoka katika Mau hii ukaishia Ziwa Nakuru. Mto Molo hutoka katika Mau hiyo hiyo ukaenda kaskazini hadi Ziwa Baringo. Na maji mengine hushuka magharibi hadi Ziwa Viktoria. Tomi akinywa kijitoni hupunguza ziwa moja au jingine, nami hukaa nikikisia ni lipi.

Huko juu ndiko waliko Waogiek, watu wa msitu na wa asali. Mzee mmoja wa kwao alimtazama Tomi kwa muda mrefu sana. Mbwa wa Waogiek ni mbwa wa kazi. Tangu zamani waliwinda nao katika msitu ule. Alimwinulia Tomi sikio, akamtazama meno, kisha akatoa hukumu: "Huyu ni mbwa wa ofisi." Nilicheka, naye hakucheka. Akanionyesha mizinga iliyo juu ya miti, akaniambia babu yake aliurithi mti fulani kama vile mimi nitakavyorithi shamba. Mwaka 2017, tarehe 26 Mei, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha ilitoa hukumu kwamba Serikali ya Kenya ilivunja haki za watu hawa kwa kuwaondoa msituni, na mwezi wa Juni, 2022, ikaamuru walipwe fidia na ardhi yao itambuliwe. Mzee alizitaja tarehe hizo bila kukosea. Mimi ni mtumishi wa Serikali, na nilikuwa nimekaa juu ya gogo lake nikila asali yake. Nikaona heri kunyamaza na kula polepole.

Ilikuwa katika njia hiyo hiyo nilipopatwa na jambo ambalo sikutaka kuliandika, lakini mke wangu amesema nisipoliandika hilo nisiandike lolote.

Kila mwaka katika ofisi yetu huja kazi ya kuchapa tangazo la chanjo ya kichaa cha mbwa. Nalijua kwa moyo. Linasema kwamba watu karibu wote wanaokufa kwa ugonjwa huo, yaani 99 katika kila 100, huambukizwa na mbwa. Kwamba dalili zikiisha kuonekana kwa mtu hakuna tena dawa. Na kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Serikali iliweka mpango mwaka 2014 wa kuumaliza ugonjwa huu miongoni mwa watu ifikapo mwaka 2030. Mwaka huo ninaousimulia nilichapa tangazo mimi, nikalibandika mimi, sokoni, stesheni na mlangoni pa ofisi. Siku yenyewe ya chanjo ilikuwa ya mwisho wa Juni, wakati wa kufunga hesabu za mwaka wa Serikali. Nilikuwa mezani mpaka usiku. Nikasema Tomi atachanjwa wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja, ikapita, ikaja nyingine.

Mwezi wa Agosti tukakutana na kijana wa miaka kama 9 akichunga kondoo kando ya njia, pamoja na mbwa wake mwembamba. Kamba ya Tomi ilikuwa mfukoni mwangu. Mbwa wale wawili walinusana, kisha wakakamatana. Kijana, kwa ushujaa kuliko akili, akaingia kati na fimbo. Nilisikia sauti yake kabla sijafika. Tomi alikuwa amemng'ata juu ya kifundo cha mkono, alama nne, na mbili zilitoka damu.

Jambo la kwanza nililofanya sawasawa siku ile ndilo lililoandikwa katika tangazo: nilimshika mkono nikampeleka kijitoni, nikanunua sabuni ya kufulia katika kibanda kilicho karibu, nikamwosha kwa dakika 15 nzima kwa saa yangu, huku analia na huku namsimulia habari za mtoto wa Kifaransa aliyeitwa Joseph Meister, ambaye Louis Pasteur alimdunga sindano mwaka 1885 akapona. Nadhani hakusikia neno. Baba yake alifika akiwa na jembe begani. Hakunipigia kelele. Aliuliza swali moja tu.

"Karani, mbwa wako amechanjwa?"

Ndugu msomaji, nimewahi kuulizwa maswali magumu na wakaguzi wa hesabu. Hakuna lililonikausha kinywa kama lile. Cheti cha Tomi kilikuwa nyumbani katika sanduku, kimepitwa na wakati kwa miezi miwili.

"Mwaka jana, Mzee," nikasema. "Mwaka huu, bado."

Akakitazama kile kibanda ambacho tangazo langu halikubandikwa, kwa kuwa sikupata kulifikisha huko juu. "Na wa kwangu hajawahi," akasema. "Hapa hawaji."

Kituo cha kwanza tulichokwenda hakikuwa na dawa. Tukashuka Nakuru jioni hiyo hiyo kwa gari la kukodi, na huko kijana akapata sindano ya kwanza, wakamwandikia tarehe za zile zilizosalia. Gharama zote zilikuwa juu yangu, kama ilivyo haki. Njiani kurudi kijana alilala begani kwa baba yake, nasi wazee tulitazama mbele.

Jirani zangu walikuwa na shauri lao tayari: mbwa auawe usiku ule ule, yaishe. Mmoja alikuja na sumu amefunga katika karatasi, kwa nia njema kabisa. Asubuhi afisa wa mifugo akanieleza sababu ya kutofanya hivyo. Mbwa akiwa na ugonjwa kiasi cha mate yake kuambukiza, huonyesha dalili na kufa katika muda wa siku 10. Kwa hiyo mbwa aliye hai ni ushahidi. Ukimwua, ushahidi uliobaki ni ubongo wake, na kichwa lazima kipelekwe maabara. "Mfunge," akasema, "mtazame, na uandike."

Nikamfunga nyuma ya nyumba kwa mnyororo, nikafungua daftari. Sijapata kuandika daftari kwa uaminifu kama lile. Siku ya kwanza: amekula, amekunywa. Siku ya pili: amekula kidogo, ananung'unika. Siku ya tatu hakula kabisa, nami sikula. Mbwa mgonjwa huanza kubadili tabia na kukosa hamu ya chakula, na mwishowe koo hushindwa kumeza. Lakini hata mbwa mzima aliyefungwa mnyororo kwa mara ya kwanza katika maisha yake hukosa hamu. Ni nani angeweza kunitenganishia mambo hayo mawili? Usiku nilitoka na tochi, nikamwekea bakuli la maji, nikasimama mbali. Mtoto wangu alikatazwa kutoka uani. Mke wangu hakunilaumu hata mara moja, ila siku ile ya tatu aliweka cheti cha Tomi mezani, karibu na sahani yangu, akaenda kulala.

Saa nane ya usiku huo nikasikia ulimi wake majini. Anakunywa. Nilikaa kwenye ngazi nikasikiliza mpaka bakuli likaisha.

Baba wa kijana alikuja mara tatu katika siku zile 10. Hakuingia nyumbani. Alipita moja kwa moja nyuma ya nyumba, akasimama hatua tano kutoka kwa Tomi, akamtazama machoni na mdomoni, akaniomba daftari, akalisoma ukurasa kwa ukurasa kwa kidole. Siku ya 10 alikuja na kijana mwenyewe, mkono umefungwa bendeji safi. Afisa wa mifugo akamkagua Tomi, akaandika kwamba ni mzima, akamchanja. Nilikwisha kuandaa maneno ya kuomba msamaha, tena marefu. Mzee akanikata.

"Maneno baadaye," akasema. "Watu wa kuchanja watakuja kwetu lini?"

Haikuwa kazi ya karani kujibu swali hilo, walakini niliandika barua, nikaifuata kwa miguu yangu ofisi hata ofisi kama raia yeyote, nikajua jinsi raia anavyozungushwa. Mwezi wa Septemba, tarehe 28, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, gari lilipanda hadi kwenye kibanda kile nilikonunua sabuni. Tangazo nilikuwa nimelipeleka mwenyewe siku sita kabla, nyumba kwa nyumba, Tomi akiwa kwenye kamba. Watu walileta mbwa kwa kamba za katani, kwa waya, mmoja ndani ya gunia la viazi. Yule mwembamba wa kijana alikuwa wa nne katika mstari, na aliuma soksi ya afisa.

Tunapita njia ile bado, karibu kila Jumamosi. Kijana akituona huacha kondoo wake, husindikizana nasi mpaka kwenye kona ya mizinga, akinisimulia habari za shule. Tomi hamgusi, naye hamgusi Tomi. Hutembea ukingo wa pili wa njia, nami hukaa katikati, kamba nimeizungusha kiganjani mara mbili.